Vidonda vya tumbo si karuho: chanzo chake, dawa yake, na habari za «seli shina»



Mwezi uliopita, baada ya ibada ya asubuhi, kijana mmoja alinifuata mlangoni mwa kanisa akiwa na boksi mkononi. Ndani mlikuwa na pakiti za unga. Aliniambia kwamba unga ule una «seli shina», kwamba unajenga tumbo upya, na kwamba mwenye vidonda vya tumbo akiunywa atapona bila kwenda hospitali. Bei yake dola 60 kwa mwezi mmoja. Aliomba nimpe dakika 5 wakati wa matangazo ili awaeleze waamini.

Sikumpa. Lakini nilipofika nyumbani niliona kwamba kumnyima dakika 5 hakutoshi. Watu wetu wanaumwa kweli. Kama kanisa halina neno la kuwaambia, watalipokea kwa yule anayeuza. Ndiyo sababu ninaandika leo juu ya ugonjwa huu. Mimi si daktari, nilisoma teolojia. Ila nimewauliza madaktari, nimesoma, na zaidi ya yote kuna kosa langu mwenyewe ambalo linanisukuma kusema.

Mama wa sambaza

Miaka kadhaa iliyopita, hapa Bukavu, mama mmoja wa kwaya yetu alikuwa anauza sambaza katika soko la Kadutu. Kila siku alibeba mzigo mgongoni kupanda mlima. Alianza kuumwa chini ya kifua. Maumivu yalimwamsha usiku, akila kidogo yanatulia, kisha yanarudi. Aliendelea hivyo karibu miaka miwili, akapungua mwili.

Alipokuja kwangu aliniambia kwa sauti ya chini: «Pasta, banasema ni karuho.» Wasomaji wa Kivu wanajua neno hilo. Karuho ni ile sumu inayosemwa kwamba mtu hutiliwa katika chakula au kinywaji, ikamla polepole. Na familia ilikuwa imekwisha kumtaja aliyefanya: wifi yake, ambaye alimpakulia chakula kwenye kilio. Tangu siku ile wifi huyo hakuingia tena katika nyumba ile, na watoto wake walikatazwa kucheza na binamu zao.

Mimi nilifanya nini? Nilimwombea, nikampa siku 3 za kufunga. Sikumwuliza hata swali moja juu ya dawa anazokunywa. Sikumwambia aende kupimwa. Siku ya pili ya kufunga alitapika damu. Vijana wa kwaya walimbeba hadi hospitali, akaongezwa damu. Daktari alipomtazama ndani kwa mpira mwembamba wenye kamera alikuta kidonda. Tena alimwuliza lile swali ambalo mimi sikuuliza: «Mama, unakunywa dawa gani za maumivu?» Akajibu kwamba kwa sababu ya mgongo alikuwa anakunywa ibuprofeni karibu kila siku, akizinunua moja moja, mara nyingi kabla ya kula. Na kipimo kilionyesha kwamba alikuwa pia na bakteria ndani ya tumbo.

Hakukuwa na karuho. Kulikuwa na vidonge na bakteria. Mama huyo alipona. Lakini wifi yake alikuwa amebeba jina la mrozi kwa miaka miwili bure.

Tumbo linavyojilinda

Tumbo hutoa maji makali yenye asidi, kiasi cha lita moja na nusu hadi lita mbili kwa siku. Asidi hiyo huua vijidudu vingi vinavyoingia na chakula, na husaidia kuyeyusha nyama. Ni kali kiasi kwamba ingeweza kumeng'enya tumbo lenyewe. Mbona haifanyi hivyo?

Ni kwa sababu ukuta wa tumbo umefunikwa na ute mzito. Ndani ya ute huo mna chumvi ya aina ya bikabonati inayopunguza ukali wa asidi kabla haijagusa nyama. Chini ya ute kuna mishipa mingi ya damu inayoleta chakula kwa ukuta. Na ngozi ile ya ndani haikai ile ile: chembe zake za juu hufa na kubadilishwa na mpya kila baada ya siku chache.

Kidonda hutokea ulinzi huo unapovunjika. Asidi hupenya, hula ukuta, na kuacha shimo. Shimo likiwa ndani ya tumbo lenyewe, au katika sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, watu wetu huliita kwa jina moja: vidonda vya tumbo. Likifika kwenye mshipa, damu hutoka. Likitoboa ukuta wote, ni hatari ya kifo na lazima mtu apasuliwe haraka.

Chanzo cha kwanza: bakteria

Kwa muda mrefu hata madaktari waliamini kwamba ugonjwa huu unatokana na mawazo mengi, pilipili na asidi tu. Walisema hakuna bakteria inayoweza kuishi katika asidi ya tumbo. Wagonjwa walipewa dawa za kupunguza asidi, wakapata nafuu, kisha wengi wakaugua tena ndani ya mwaka mmoja. Wengine walikatwa sehemu ya tumbo.

Mwaka 1979, katika mji wa Perth, Australia, daktari Robin Warren aliona chini ya darubini bakteria zilizojipinda katika vipande vya matumbo ya wagonjwa. Baadaye daktari kijana, Barry Marshall, aliungana naye. Walijaribu kuziotesha bakteria hizo katika maabara, hazikuota. Sahani za maabara zilikuwa zinatupwa baada ya siku 2. Mwaka 1982, wakati wa sikukuu ya Pasaka, sahani ziliachwa siku nyingi zaidi kwa sababu watu walikuwa katika mapumziko. Waliporudi, bakteria zilikuwa zimeota. Zilikuwa zinahitaji muda tu.

Bado wengi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe kikombe cha bakteria hizo. Baada ya siku chache alianza kichefuchefu na kutapika. Alipochunguzwa, ukuta wa tumbo lake ulikuwa umewaka, hali ambayo sisi huita gastriti, na bakteria zilikuwamo. Hakupata kidonda, lakini alionyesha mlango ambao kidonda hupitia. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Bakteria hiyo inaitwa Helicobacter pylori. Inaishi katika asidi kwa sababu inatengeneza amonia inayoizunguka na kupunguza ukali. Inajificha ndani ya ute, inachokoza ukuta na kuudhoofisha. Wengi huipata wakiwa watoto, ndani ya familia, kwa njia ya mdomo, ya matapishi, au ya maji na mikono yenye uchafu wa choo. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu duniani wamekuwa nayo. Wengi wao hawapati kidonda kamwe. Lakini kwa baadhi huleta kidonda, na kwa wachache kansa ya tumbo. Tangu 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa limeiweka katika orodha ya mambo yanayosababisha kansa kwa binadamu.

Chanzo cha pili: vidonge vya maumivu

Hiki ndicho chanzo tunachokisahau. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, indometasini: dawa hizi hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali za mwili zinazoitwa prostaglandini. Shida ni kwamba prostaglandini hizo hizo ndizo zinazoliambia tumbo litoe ute na kulinda ukuta wake. Ukizizuia kwenye mgongo, unazizuia na tumboni pia. Ndiyo maana hata sindano ya diklofenaki inaweza kuumiza tumbo, ingawa haikupitia mdomoni.

Hatari inazidi kwa wazee, kwa aliyewahi kuwa na kidonda, kwa anayechanganya dawa 2 za aina hiyo, na kwa mwenye pylori. Mama wa sambaza alikuwa na vyote viwili, bakteria na vidonge. Parasetamoli ikitumiwa kwa kipimo chake haichokozi tumbo namna hiyo, lakini nayo ina mpaka wake kwa sababu ya ini.

Na pilipili? Na mawazo?

Pilipili inaweza kuongeza maumivu kwa mwenye kidonda, lakini si yenyewe inayokileta. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha huchochea tumbo kutoa asidi zaidi. Sigara huchelewesha kupona. Pombe, iwe kasiksi au ya chupa, huchoma ukuta wa tumbo.

Juu ya mawazo, tuseme kwa uangalifu, kwa sababu watu wetu wa mashariki wamepita katika vita na kukimbia. Mawazo peke yake kwa kawaida hayatoboi tumbo. Lakini hayako mbali na ugonjwa huu. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1995 katika eneo la Kobe, Japani, madaktari waliona vidonda vya tumbo vinavyotoka damu vikiongezeka. Mtu mwenye hofu halali, hali vizuri, anavuta sigara, anakunywa vidonge vya kichwa. Kwa hiyo usimwambie mgonjwa «ni mawazo tu, jikaze». Msaidie katika mawazo yake, lakini pia apimwe.

Tiba iliyopo leo

Hii ndiyo habari njema ambayo kijana wa boksi hakuisema: ugonjwa huu una dawa, na dawa zake ni za kawaida. Kama ni pylori, daktari hutoa dawa ya kupunguza asidi, kama omeprazoli, pamoja na antibiotiki 2 au zaidi, mara nyingi kwa siku 14. Kama ni vidonge vya maumivu, vinaachwa au vinabadilishwa, na omeprazoli hutolewa kwa wiki kadhaa. Vidonda vingi hufunga katika wiki 4 hadi 8.

Mambo matatu yanaharibu tiba hii kwetu.

La kwanza, kuacha dawa siku ya 4 au ya 5 maumivu yakiisha. Bakteria zinazobaki ni zile ngumu, nazo hujifunza kuishinda dawa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka pylori isiyosikia klarithromisini kati ya bakteria ambazo dawa mpya zinahitajika kwa ajili yake.

La pili, kununua antibiotiki moja tu kwenye famasi bila kipimo. Moja haitoshi.

La tatu, kipimo chenyewe. Kipimo cha damu huonyesha askari ambao mwili uliwatengeneza dhidi ya pylori. Askari hao wanaweza kubaki miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kuisha. Kwa hiyo mtu aliyepona anaambiwa kila mara «bado unayo», anakunywa dawa tena na tena, mwisho anaamini kwamba amerogwa. Kipimo cha choo, au cha pumzi pale kinapopatikana, kinaonyesha kama bakteria ipo sasa. Kifanywe angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibiotiki, na omeprazoli iwe imeachwa wiki 2.

Na mtu asingoje anapotapika damu au kitu kama unga wa kahawa, anapopata choo cheusi kama lami, tumbo linapouma ghafla na kuwa gumu kama ubao, au anapokonda bila sababu. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tuzungumze juu ya «seli shina»

Kijana wa boksi hakulitunga neno. Seli shina zipo, na Mungu ameziweka ndani ya kila mmoja wetu. Fikiri mgomba. Unakata shina lililozaa, lakini chini kuna chipukizi linaloinuka. Shamba halifi kwa sababu chipukizi lipo. Ndani ya vishimo vidogo vya ukuta wa tumbo kuna chembe za namna hiyo. Zinajigawa, watoto wao wanapanda juu na kuchukua nafasi ya chembe zilizochakaa. Kidonda kinapopona, chembe za pembeni husogea kufunika shimo, mishipa mipya huota, na vishimo vipya hujengwa.

Wataalamu wanajiuliza: tunaweza kuusaidia mwili kufanya kazi hiyo haraka na vizuri zaidi, hasa kwa vidonda vikubwa au vinavyokataa kupona? Majaribio yao ni ya kweli, nayo ni haya.

Kuna protini zinazoamuru chembe kukua. Moja iligunduliwa na Stanley Cohen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini. Inapatikana hata katika mate yetu. Watafiti wanajaribu kuzifikisha protini kama hizo kwenye kidonda, au kutumia sehemu ya damu ya mgonjwa mwenyewe yenye chembe za kugandisha damu, ambazo zimejaa protini za namna hiyo.

Kuna seli shina zinazotolewa katika uboho wa mifupa au katika mafuta ya mwili. Zikiwekwa kwa panya wenye vidonda vya tumbo, vidonda hufunga haraka zaidi. Inaonekana kwamba mara nyingi hazigeuki kuwa ukuta mpya. Zinatoa ishara za kutuliza uvimbe na kuita mishipa mipya.

Huko Japani, madaktari walichukua chembe kutoka ndani ya shavu la mgonjwa, wakaziotesha zikawa kama kitambaa chembamba, wakakibandika kwenye umio baada ya kuondoa kansa changa. Hiyo ilikuwa kwenye umio, si kwenye kidonda cha tumbo, lakini ni jirani.

Mwaka 2014, watafiti wa Cincinnati, Marekani, waliotesha kutoka kwa seli shina za binadamu matumbo madogo sana yenye ukubwa wa milimita chache. Waliyaingizia pylori ili waone inavyoanza kuharibu. Na mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, walionyesha mashine ndogo inayoweza kuingizwa kwa njia ya mpira wa kamera na kuchapa chembe juu ya jeraha, tabaka kwa tabaka. Waliijaribu katika mfano wa tumbo, si katika mgonjwa.

Tunaweza kumshukuru Mungu kwa akili aliyowapa watu hao. Lakini tusikie vizuri: kati ya njia hizi zote, hakuna hata moja ambayo leo imekuwa matibabu ya kawaida ya vidonda vya tumbo, wala hapa wala katika nchi tajiri. Na hakuna hata moja iliyo unga wa kukoroga katika kikombe. Chembe hai ukizimeza, tumbo litazimeng'enya kama linavyomeng'enya sambaza. Na chembe za tunda haziwezi kugeuka ukuta wa tumbo la mtu.

Tena kuna jambo ambalo hata mashine ya China haitaweza kulikwepa. Ukijenga ukuta mpya huku pylori ingali ndani, au huku mgonjwa angali anameza diklofenaki kila asubuhi, ukuta mpya nao utaliwa. Kumbe kazi ya kwanza ni kuondoa kinachochoma. Ukikiondoa, kwa wagonjwa wengi mwili utajijenga wenyewe, kwa zile seli shina ambazo haziuzwi dola 60.

Kanisa lifanye nini?

Mtume Paulo alijua kwamba Timoteo anaumwa tumbo. Hakumwambia kwamba imani yake ni ndogo. Alimpa shauri la dawa ya wakati ule, divai kidogo. Leo tunajua kwamba pombe si dawa ya kidonda, kwa hiyo tusichukue andiko hilo kama ruhusa ya chupa. Tuchukue moyo wake. Nabii Isaya naye, mfalme Hezekia alipokuwa karibu kufa, aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake, ingawa Mungu alikuwa amekwisha kuahidi kumponya. Maombi na dawa viliingia katika chumba kimoja bila kugombana.

Ninawaomba wachungaji wenzangu, wazee na mashemasi, mambo manne. Mtu akija na maumivu ya tumbo, tumwombee, kisha tumwulize siku hiyo hiyo: unakunywa vidonge gani, umepimwa wapi? Tusimpe mgonjwa wa namna hiyo kufunga kabla hajaonwa na daktari. Tusikubali jina la mtu litajwe katika ugonjwa ambao haujapimwa, wala katika chumba cha maombi wala katika unabii. Na madhabahu isiwe meza ya kuuzia dawa, hata kama muuzaji ni mwana wa kanisa. Kijana yule wa boksi nilimwita baadaye, tukazungumza. Naye alikuwa ameuziwa, ana madeni. Anahitaji kazi, na tunamtafutia.

Mama wa sambaza bado anaimba katika kwaya. Alipotoka hospitali tulienda pamoja, yeye, mume wake na mimi, nyumbani kwa wifi yake kuomba msamaha. Mimi nilisema wa kwanza, kwa sababu nilisikia neno karuho na sikulikataa. Wifi alinyamaza muda mrefu. Kisha akaingia jikoni, akaleta chakula, akakiweka mbele ya mama yule. Sote tulijua chakula kile kina maana gani. Mama alinawa mikono, akala.

Bwana awape afya ya mwili na amani katika nyumba zenu. Amina.